Uso wa Talita

Kalolaine hakuwa mwongo. Tuseme ukweli: mkali alikuwa, mchoyo wa sukari alikuwa, na ulimi wake ungeweza kumenya muhogo, lakini mwongo hakuwa. Uongo alioutunga ulikuwa mmoja tu, na alimtungia binti yake wa kumzaa, na hata huo mmoja haukusamehewa.

Mwaka ule shule zilifungwa kwa ajili ya maradhi, watoto wakawa wanasomeshwa majumbani kwa vishikwambi. Cha Talita kilitumwa na baba yake, Paula, ambaye yeye na mkewe walikuwa Australia wakichuma nyanya za watu. Talita aliachwa kisiwani Lifuka kwa bibi yake Kalolaine na babu yake Semisi, akiwa darasa la sita, na wazee hao wawili hawakuwa na neno jingine mdomoni ila mtihani. Aliyefaulu alikwenda shule ya wasichana kule mji mkuu, Nuku'alofa. Aliyefeli alibaki Lifuka kutwanga magome ya miti yawe vitambaa, na kina mama, kama bibi yake.

Kila asubuhi kabla ya kipindi Kalolaine alijifunga kiunoni mkeka wake wa kanisani, vazi la heshima, akapaka nywele mafuta ya nazi, akaketi nyuma ya mjukuu.

"Mwalimu hakuoni, Bibi," Talita alimwambia. "Kamera inaniangalia mimi."

"Na akiniona kwa bahati mbaya? Aseme unalelewa na kizee kisicho na adabu?"

Semisi, aliyekuwa amejinyoosha pembeni akiisubiri jioni akanywe kava na wazee wenzake, alicheka mpaka akakohoa. "Mwache apendeze. Mimi tangu nimwoe hajanivalia hivyo."

"Ungekuwa na cha kunifundisha ningekuvalia."

Ndivyo walivyoishi, na waliishi vizuri, mpaka Fusi alipokuja kutembea.

Fusi alikuwa binti wa Kalolaine na dada yake Paula, yaani shangazi yake Talita, na kwetu shangazi si mtu wa mchezo. Mama atakuchapa, baba atakufokea, lakini mwenye wewe ni shangazi. Nyumbani kwa kaka yake hakuna mlango wa kumfungia. Akimpenda nguruwe, nguruwe ni wake. Akisifia kitu, mwenye kitu anatafuta kamba ya kukifungia. Na Fusi, jamani, alijaliwa kusifia! Alikuwa ameshalisifia friji la kaka yake, akaisifia cherehani, akalisifia na godoro jipya kabla halijalaliwa. Kalolaine hakuwahi kufungua kinywa, maana enzi zake na yeye aliwafanyia watoto wa kaka zake yaleyale, tena bila hata kusifia.

Siku hiyo Fusi aliketi, akala magimbi, akafuta vidole, kisha akakitazama kishikwambi.

"Kizuri hiki," akasema. "Maikolo wangu anasomea simu iliyopasuka kioo. Mtoto atapofuka macho."

Talita alikuwa ameshachomoa waya wa chaji. Hakuambiwa na mtu. Alikishika kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, kama alivyofundishwa na bibi yake tangu anajifunza kutembea. Kalolaine akaona mtihani unatoka mlangoni, na ulimi wake ukamtangulia.

"Chukua, mwanangu, chukua. Ila hakitakufaa. Kimefungwa kwa uso wa Talita, bila uso wake hakifunguki. Paula alikifunga hukohuko Australia. Hata namba hakina."

Namba kilikuwa nayo. Ilikuwa mwaka aliozaliwa Talita, na Kalolaine mwenyewe aliibonyeza kila alipotaka kutazama picha za mwanawe. Talita alimwangalia bibi yake, akafumbua mdomo, akaufumba.

Fusi alikielekeza kishikwambi usoni pake. Kikakataa. Akavua miwani. Kikakataa. Akamwelekezea Talita, nacho kikafunguka papo hapo. Semisi alikohoa kuficha kicheko, na Kalolaine alikuwa na raha mpaka miguu inamwasha.

"Kweli bwana," Fusi akasema, akainuka na kukung'uta gauni. "Kinamtaka mwenyewe. Basi nachukua na huo uso. Talita, kusanya nguo zako."

"Unasemaje?" Kalolaine aliuliza.

"Si umesema wewe, Mama? Atamfungulia Maikolo, atamwelekeza na hesabu, maana yule kichwa kizito kama baba yake. Na vyombo vyangu vitapata mtu, mgongo unaniua. Tena siku nyingi nataka kumwomba huyu mtoto, nikawa naona haya."

Fusi aone haya! Fusi yupi?

"Ana mtihani Ijumaa," Kalolaine akasema.

"Ataufanyia kwangu. Kwani kwangu hakuna umeme?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Kalolaine angesema tu: namba ipo, hii hapa, chukua kishikwambi uniachie mtoto. Neno lilimfika kooni. Lakini kukiri kwamba umemdanganya shangazi mtu, ndani ya nyumba ya kaka yake, mbele ya mtoto aliye wake, hiyo ni aibu ya kuimbwa kijiji kizima. Akajiambia kesho. Akalimeza lile neno, na mtoto akatoka na nguo zake kwenye mfuko wa nailoni bila kulia, kwa sababu kulia mbele ya shangazi ni utovu wa adabu.

"Mdomo huponza kichwa," Semisi akasema walipobaki wawili. "Wako umeponza kichwa cha mwenzio."

Kalolaine alimpigia Paula simu isiyo na salamu.

"Mama, ni dada yangu," Paula akasema. Nyuma yake kulisikika trekta. "Nimwambie nini?"

"Mwambie hapana! Neno fupi hilo, hata mtoto mchanga analiweza."

"Wewe ulipomchukua Pita kwa Mjomba Filipe, ukamlea mpaka akaoa, Mjomba alikwambia hapana?"

Kalolaine akakata simu. Akasonya, akakaa, akasonya tena, lakini hakumpata wa kumsonya.

Ijumaa asubuhi alitoa ngatu yake kubwa chini ya godoro, kile kitambaa cha gome alichokitwanga na kukichora kwa mikono yake, akiba ya harusi ya Talita. Akaibeba begani mpaka kwa Fusi. Talita alikuwa uani akikuna nazi. Ndani, Maikolo alikuwa amelala kifudifudi anatazama mechi ya raga kwenye kishikwambi, na Fusi anajisuka nywele.

"Mwalimu anaanza sasa hivi," Kalolaine akasema. "Mpe mtoto kitu chake afanye mtihani. Na wewe chukua hii."

Akaitandaza ngatu sakafuni. Ilijaza chumba mpaka Maikolo akakunja miguu. Fusi aliipapasa pindo, akaichunguza michoro, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Si ya harusi ya Talita hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Harusini ingeletwa kwa nani, Mama?" Fusi aliuliza taratibu. "Shangazi yake ni nani? Unataka kuninunua kwa mali yangu."

Kalolaine alipiga magoti. Mama mtu, mwenye tumbo lilelile lililomzaa huyo, alipiga magoti juu ya kazi ya mikono yake.

"Nilikudanganya, Fusi. Namba ipo. Nitakupa. Baki na kishikwambi, baki na ngatu, lakini mwache mtoto afanye mtihani nirudi naye nyumbani."

"Namba ninayo."

"Unayo?"

"Nilimwuliza Talita siku ileile njiani, akanijibu. Mtoto hasemi uongo, umemlea vizuri." Fusi alirudia kujisuka. "Na mkono wake wa kupika ni wako kabisa. Nimrudishe kwa nini? Akafaulu, aende Nuku'alofa, mimi nibaki na nani?"

Kishikwambi kikaanza kulia. Kwenye kioo, juu ya wachezaji, likatokea jina la mwalimu.

"Mama, kinanikatiza mechi," Maikolo akasema.

"Kizime hicho kilio, baba."

Maikolo akabonyeza. Kikalia tena, akabonyeza tena, na mara hiyo hakikurudia. Kule uani mkuno wa nazi ulikuwa umesimama. Kalolaine alisikiliza ukimya wake, akiomba mtoto atukane, avunje kitu, aingie amng'oe shangazi yake nywele. Angemwunga mkono, Mungu ni shahidi, angemshika Fusi miguu.

Mkuno ukaanza upya.

Baadaye Talita aliingia ameinama, akapita pembeni asiikanyage ngatu, akamletea bibi yake maji kwenye bakuli, kwa mikono miwili.

"Kunywa, Bibi," akasema. "Umetembea juani."

Kalolaine alimtazama usoni, akatafuta hasira hata punje, hakuiona. Akapokea bakuli, akanywa.