Kifuniko cha Mzee Changawa

Pikapu yetu ilikuwa na tabia za mwari: asubuhi haitoki mpaka ibembelezwe. Masha, mume wangu, akipiga stati inakohoa. Akipiga tena inakohoa zaidi. Hapo anateremka, anafungua boneti na kukikandamiza kile kipampu cha mkono cha kuvutia mafuta mpaka shati limlowe jasho. Mwisho majirani zetu wa Mtopanga wanatoka na miswaki midomoni, wanaisukuma mpaka barabarani, nayo inawaka na kuniachia moshi kwenye nguo nilizoanika. Nilikuwa nimechoka, na mimi nikichoka husema. Nilisema sana.

Lakini iuzwe sikutaka, na hilo lieleweke mapema. Masha hubeba mawe ya ujenzi kutoka Mwakirunge, na wenye nyumba wanataka mawe yafike kabla mafundi hawajaanza kazi. Anayechelewa hupoteza mteja, na Masha alikuwa akiwapoteza mmoja baada ya mwingine. Akakata shauri: mtu wa Bamburi angekuja Jumapili baada ya ibada kuichukua pikapu, na yeye Masha angekwenda kuendesha lori la watu.

"Gari likienda, na mimi nakwenda," akasema baba yake, Mzee Changawa. "Nitarudi Ganze."

Ganze kuna nini? Mkewe amezikwa huko, na nyumba yake imebaki nguzo. Nani angempikia? Pikapu ile aliinunua yeye, akaiendesha mpaka macho yalipoanza kuingia ukungu, ndipo akamwachia Masha usukani. Tangu hapo kila siku hukaa kiti cha mbele, anasikiliza injini na kumwambia mwanawe abadilishe gia. Kazi yake ni hiyo. Bila hiyo angejiona mzigo, na Mzee Changawa hakubali kuwa mzigo wa mtu.

Nampenda yule mzee. Nilipoolewa kutoka Bungoma, watu wa hapa walicheka Kiswahili changu mpaka nikawa naogopa kwenda dukani. Yeye hakucheka hata mara moja. Alikuwa akilirudia neno langu taratibu, likiwa limenyooka, kana kwamba ndivyo nilivyolisema. Baba yangu mzazi alishafariki, sikutarajia kupata mwingine.

Ila kwetu mke wa mwana hakai karibu na baba mkwe. Hampi mkono, hagusi kiti chake. Mama alinifunza hivyo na sijaacha. Kwa hiyo tukienda kanisani, mbele wanakaa Masha, binti yetu Judy na mzee, na mimi nakaa nyuma juu ya ndoo iliyopinduliwa, leso kichwani, nikila vumbi. Kila Jumapili mzee hunikaribisha mbele. Kila Jumapili namjibu, "Ahsante baba, huku kuna upepo."

Jumamosi, ikiwa imebaki siku moja mnunuzi afike, Masha alikwenda kumwomba radhi mteja, nami nikamwita fundi Kioko. Filta alikwisha kubadilisha, betri nayo ilikuwa nzima. Safari hii alikuja na chupa ya soda iliyojaa dizeli. Aliufungua mpira unaoleta mafuta kwenye pampu, akaunganisha mpira mwingine kutoka kwenye ile chupa, kisha akaitundika chupa chini ya boneti kama dripu ya mgonjwa. Akatoa hewa, akapiga stati.

Iliwaka papo hapo.

"Basi injini haina ugonjwa," Kioko akasema. "Inakosa mafuta. Usiku mafuta yanarudi kwenye tangi, asubuhi pampu inavuta hewa. Shida iko huku nyuma."

Alitambaa chini ya gari akapapasa mipira yote. Kavu. Akainuka, akaenda kukifungua kifuniko cha tangi achungulie mafuta. Alipokilegeza, tangi likavuta pumzi: fyuuuu! Lilivuta kwa nguvu, nikashtuka.

Kioko alinitazama. Nikamtazama. Kisha sote wawili tukamtazama Mzee Changawa, aliyekuwa amesimama pale na kitambaa cha kufutia gari mkononi.

"Umekiona kifuniko hicho?" mzee akauliza, uso umemchangamka. "Nimekitengeneza mimi. Hata pumzi haipiti!"

Kifuniko cha kwanza kiliibwa pamoja na dizeli. Mzee akachukua kipande cha mti wa mwarobaini, akakichonga kwa kupapasa, akakivika mpira wa tairi ya baiskeli, mkunjo juu ya mkunjo. Mtaa mzima ulikisifu. Ndicho kitu cha mwisho kilichotengenezwa na mikono yake tangu macho yalipomkataa, na kila jioni hupita akakigusa kwa vidole kuhakikisha kipo.

"Kifuniko kizuri sana, mzee," Kioko akasema, akanivuta kando. "Mama Judy, tangi la gari hili hupumulia kwenye kifuniko. Pampu inavuta mafuta, hewa haiingii badala yake, basi tangi nalo linayavuta yarudi. Ndiyo maana hata mchana kilimani inakosa nguvu. Mwambie."

"Wewe ndiye fundi, mwambie wewe."

"Mzee aliyenifundisha kushika spana? Siwezi. Tukitoboe kwa siri."

"Atalisikia tundu kwa vidole. Atajua tumemfanya mtoto."

Kioko akakusanya spana zake akaenda zake. Wanaume! Nikabaki na maneno yasiyosemeka. Ningemwambia kifuniko chake ndicho kinachoiuzisha pikapu, angefunga mzigo usiku uleule. Ningenyamaza, angeufunga kesho.

Jirani na choo chetu tumetundika mtungi wa kunawia, wenye tundu dogo chini lililozibwa kwa kijiti. Aliyeutundika ni mzee mwenyewe, na ndiye aliyemfundisha Judy kuutumia. Jioni ile niliujaza maji, nikakaza kifuniko chake kwa nguvu zangu zote, nikaenda kusimama nyuma ya shuka zilizoanikwa.

Mzee akaja kunawa. Akachomoa kijiti. Maji yakatoka kidogo, yakasita, yakakoma.

"Mama Judy!"

"Abee, baba."

"Maji yamekwisha?"

"Yamejaa baba, nimetia sasa hivi."

Akapandisha mkono mpaka juu. "Nani aliyekaza hivi? Mtungi ukizibwa juu, maji hayatoki chini. Lazima upate pa kupu..."

Neno hakulimaliza. Mkono wake ulibaki juu ya kifuniko.

"Mama Judy. Kioko alisema nini leo?"

"Alisema pikapu inakosa mafuta, baba."

"Kwa nini inakosa?"

"Hakutaka kusema. Na mimi sitaki."

Alianza kucheka polepole, kisha akacheka mpaka akashika nguzo. "Hata pumzi haipiti!" akasema. "Nimemkaba mwanangu roho, kisha najisifu!" Lakini kicheko kilipokwisha uso ulimshuka. "Lingeuzwa kwa ajili yangu. Masha angehangaika kwa ajili yangu. Bora niende tu."

Hapo nilisahau heshima, nikatoka nyuma ya shuka.

"Uende wapi? Kiswahili changu nani atakinyoosha? Baba, sitaki uende Ganze. Sitaki!"

Nililia mbele ya baba mkwe wangu, jambo ambalo kwetu ni aibu. Yeye akajifuta mikono kwenye kikoi.

"Lete msumari," akasema, "na jiko."

Alikitoboa mwenyewe, kwa msumari uliopashwa moto ukawa mwekundu. Aliweka mdomo kwenye lile tundu akapuliza, akanipa na mimi nipulize. Pumzi ilipita.

Asubuhi Masha aliingia ndani ya pikapu kwa uso wa msiba, akapiga stati. Ikawaka. Majirani walibaki na miswaki yao midomoni, hawana kazi. Masha alizima, akawasha tena, akazima, akawasha, mpaka nikamwambia aache kuichezea. Mzee Changawa alimweleza kisa chote yeye mwenyewe, bila kuficha, na Masha akampigia simu mtu wa Bamburi kumwambia asijisumbue.

Nilichukua ndoo yangu, nikazunguka nyuma.

"Mama Judy," mzee akaita kutoka kiti cha mbele. "Njoo ukae huku."

"Ahsante baba, huku kuna upepo."

"Upepo gani? Vumbi lile?" Alisogea, akakipapasa kiti kwa kiganja. "Mwanangu, heshima yako nimeipokea miaka yote hii, na naijua. Umeikaza mno. Itoboe kidogo."

Mama angeniona angejifunika uso. Niliirudisha ndoo uani, nikapanda mbele, nikampakata Judy, na bega langu likawa limeegemea la mzee njia nzima mpaka kanisani.