Tundu la Chini

Filimbi ilitoa mlio wa paka aliyekanyagwa mkia, na fundi bomba akachungulia ndani yake kana kwamba angemwona paka mwenyewe.

"Inavuja," alisema.

"Vinavyovuja ni vidole vyako," mkewe alijibu kutoka kitini. "Ziba kwa nyama ya kidole. Hubonyezi kengele ya mlango hapo."

Tangu kiharusi kiulaze mkono wake wa kulia, mke huyu, mwalimu wa muziki, hakuwa ameigusa filimbi yake, na nyumba ilikuwa imepoa kama jiko la jana. Ndipo mumewe alipojitosa: angejifunza yeye, japo ule wimbo mmoja ambao mkewe alizoea kuupiga kila asubuhi, ukimya usije ukawa mwenyeji. Lakini vidole vilivyolelewa na spana vina kiburi. Akiziba matundu yote sita alipata do; akiinua kidole cha mwisho atafute re, vingine vilikifuata kama kondoo.

"Kimoja, baba, kimoja! Nimesema uinue kidole, sikusema uhame nyumba."

Hasira zikampanda. Maisha yake yote tundu lilikuwa adui wa kuzibwa, siyo wa kubembelezwa. Akaenda kwenye sanduku lake la kazi, akatoa tepu nyeupe ya viungo vya mabomba, akayafunga matundu matatu ya chini, akakaza kabisa. Akarudi akichekelea kama bwana harusi.

"Yamebaki matatu. Mkono mmoja unayatosha. Piga mwenyewe."

Mkewe aliitazama ile bandeji, akamtazama yeye.

"Umeniziba nusu ya wimbo, bwana we!"

Akaanza kuing'oa tepu kwa meno, akitema vipande sakafuni. Fundi akanywea. Aliuangalia ule mkono uliolala pajani. Alikwisha kuukanda, kuufunga, kuuombea. Kila jioni aliukagua kama kazi ambayo mwenyewe hakuikamilisha.

"Njoo huku kuliani," mkewe alisema. "Sogea basi! Au unaogopa mahari?"

Akasogea mpaka bega likagusa bega. Mkewe akaipeleka filimbi mdomoni, vidole vya kushoto vikakaa kwenye matundu ya juu. Ya chini akamwachia mumewe.

"Usikamue."

"Na wakati wa kuinua nitaujuaje?"

"Nitakununia. Hilo umelizoea."

Akavuta pumzi. Sauti ikatoka nene, ikayumba, ikasimama. Kisha nyusi zake zikakunjamana, na fundi akainua kidole kimoja, kimoja tu, akaliacha tundu livuje.