Betri ya Kimyakimya

Gari la Lugano lilipita bila muungurumo, ndiyo maana watu wa Lufingo wakalibatiza Kimyakimya. Mwanzoni walilicheka. Petroli ilipopaa bei wakaacha kucheka, wakalipakia mikungu ya ndizi na madumu ya maziwa kwenda Tukuyu, na zamu ya kucheka ikawa ya Lugano. Alilinunua mtumba, limetoka Japani likiwa limeshazeeka, na ili alipate, baba yake, mzee Asajile, aliuza shamba lake la chai. Lote. Mzee hakuwa na shamba lingine na Lugano hakuwa na kazi nyingine, kwa hiyo gari ndilo lililokuwa shamba, likawa kazi, likawa sare ya mtoto na chumvi ya jikoni.

Sasa lilikuwa limekaa uani juu ya mawe, halina betri.

Betri ilianza kuchoka taratibu. Kwanza iliishiwa kabla ya safari ya pili. Kisha ikashindwa kupanda kilima, abiria wakashuka kusukuma, wakapata la kusimulia wiki nzima. Mafundi wa Tukuyu walimjibu Lugano neno moja: wao ni mafundi wa mafuta. Mmoja hakutaka hata liegeshwe mbele ya gereji yake. Betri mpya ndiyo usiseme, bora angeulizia ndege. Basi akatazama video kwenye simu mpaka macho yakamwiva, akaita majirani, wakaishusha ile betri pana kama godoro na kuilaza juu ya mbao chini ya turubai, kando ya gari. Akaifungua. Ndani seli zilikuwa zimepangwa kama vitabu, zimeunganishwa kwa vipande vya shaba, na katika zote hizo, zilizokufa zilikuwa chache tu. Lugano alipopima na kuona hivyo, alikaa chini kwenye matope akalia kwa furaha.

Aliyemshikia tochi siku zote hizo ni mkewe, Atuganile.

"Hii plagi ya rangi ya chungwa inaikata betri katikati," Lugano alimwambia akiichomoa. "Lakini usidanganyike, mama. Nusu hii ina moto wake, na nusu ile ina moto wake. Hii kitu haizimwi."

Plagi akaitia mfukoni. Spana zake alizivisha mpira wa tyubu ya baiskeli, akavua saa, akavaa glovu, ndipo akagusa.

Asubuhi moja ya mvua Khalidi, muuza vipuri wa Tukuyu, akapiga simu: seli za gari lililopata ajali zimefika kwa basi kutoka Mbeya. Lugano akaita bodaboda.

"Asiguse mtu," akasema akiwa ameshapanda.

"Na baba akija?"

"Baba anaujua umeme, kazeekea kiwandani. Hawezi kugusa."

Kweli mzee Asajile aliujua umeme, ila ule wa kiwanda cha chai. Kule ukishusha swichi kubwa ya ukutani mashine imekufa, unaingiza mkono mpaka begani. Umeme usio na swichi hakuwahi kukutana nao. Na juzi yake alikuwa amesimama mbali akimtazama mwanawe akihangaika na nati moja yenye kutu mpaka giza likaingia. Shamba lilikuwa lake. Usingizi ulikuwa umemkimbia.

Atuganile alikuwa jikoni akimenya ndizi alipomwona anashuka kutoka migombani, kofia imelowa, spana mkononi. Spana tupu, chuma kitupu. Mzee akalifunua turubai, akachungulia pale plagi inapokaa, akaona pako wazi, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Umeme umekatwa. Akachuchumaa.

Mtu wa mbali angeuliza, si amwite tu? Lakini mzee Asajile alikuwa Mnyakyusa wa zamani, na mwiko wa mke wa mwana na baba mkwe alikuwa bado ameushika, hata kama wengi siku hizi wameulegeza. Tangu aolewe Atuganile hakuwahi kumtazama usoni wala kutamka jina lake. Wakikutana njiani yeye huingia kwenye majani na kujifunika khanga, na mzee hugeukia upande mwingine. Chakula chake hupelekwa na mtoto. Sauti ya mkwewe, mzee hakuijua. Wala hapakuwa na chuki. Ndivyo walivyoheshimiana, na Atuganile alijivunia kwamba hakuwahi kumwaibisha.

Mtoto yuko shule. Atuganile akapiga simu ya mumewe, ikaita kitandani, alikoisahau kwenye chaji. Akapiga sufuria kwa mwiko wa ugali. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu kuliko yeye. Akafanya wanavyofanya wakwe wakibanwa: akawasemesha kuku.

"Nyie kuku! Msiguse hicho! Kina moto! Kitawaua!"

Kuku wakamtazama. Mzee, ambaye sikio lake moja lilibaki kwenye mashine za kiwandani, akapangusa mkono wake uliolowa kwenye suruali iliyolowa, akaiweka spana kwenye ile nati yenye kutu.

Atuganile alisimama mlangoni mwa jiko. Aliogopa kifo cha mzee, na aliogopa kumgusa, na kwa muda ambao hatajisamehe hakujua anaogopa lipi zaidi. Kisha akatoka mbio. Kwa mazoea ya miaka yote aliugeuza uso pembeni hata katika kukimbia, akaunyosha mkono bila kutazama, akaishika kola ya koti la baba mkwe wake, akavuta kwa nguvu zake zote.

Mzee akaanguka chali juu yake. Spana ikamtoka, ikalala juu ya shaba.

Palilipuka mwanga mweupe kuliko mchana, na mlio kama bati linalopasuliwa. Atuganile aliuona ukutani tu, maana uso wake ulikuwa upande wa pili. Mzee aliupata wote machoni. Spana ikaganda pale pale ikiwaka nyekundu, seli zikaanza kuvimba moja baada ya nyingine, zikafoka moshi mzito, halafu moto. Atuganile akamburuta mzee mpaka mlangoni mwa jiko. Majirani wakaja na udongo, wakaja na ndoo, wakakata migomba wakairushia humo. Moto ule haukujali mvua. Uliimaliza betri, ukaruka kwenye gari, matairi yakapasuka, na Kimyakimya lilipiga kelele siku ile kwa mara ya kwanza.

"Nani amenishika?" mzee aliuliza, viganja vimegandamana na macho.

Atuganile angeweza kunyamaza. "Ni mimi, tata," akajibu, akimwita baba kwa Kinyakyusa. "Mama wa nyumba hii."

Mzee akajikunyata. Machozi yalimtoka kwenye kope zilizoungua, na mikono ilikuwa imeanza malengelenge.

Godwin, jirani, alikuwa na pikipiki, ndiyo pekee iliyokuwepo. Lakini mzee haoni, na mikono hiyo haiwezi kushika kitu. Lazima mtu akae nyuma amkumbatie. Wanaume wote walikuwa wanapigana na moto usifike kwenye nyumba.

"Niache," mzee akasema. "Nitatembea."

"Tata, huoni njia."

"Kufa siogopi, mwanangu. Hili ndilo naogopa."

Atuganile akalia kwa sauti mbele ya watu, akampandisha hivyo hivyo, akapanda nyuma yake mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja, akamzungushia mikono kiunoni na kulaza shavu mgongoni kwake ili asirushwe kwenye mashimo. Mzee alikakamaa kama ubao. Walipofika chini ya kilima akauliza polepole, "Gali?"

"Limeungua, tata. Lote."

Akausikia mgongo ule ukitetemeka, akakaza mikono.

Karibu na daraja walikutana na bodaboda inapanda. Lugano alikuwa amekaa nyuma, amepakata boksi ndani ya koti lake ili seli zisilowe. Alimtambua Godwin kwanza, akatabasamu, akaliinua boksi juu awaonyeshe. Kisha akaona mkewe amemkumbatia nani.

Pikipiki zikasimama. Lugano hakuuliza habari za gari. Alishuka, akaliweka boksi kwenye matope, akavua koti, akawafunika nalo wote wawili, kichwa cha baba yake na kichwa cha mkewe, watu wasiwaone.