Gauni Lililomkaa Flavia

Jumamosi asubuhi, katika chumba cha mbele cha nyumba moja ya mtaa wa Ng'ambo, Tabora, Esperansi Nibizi alikata uzi wa mwisho kwa meno, akaikung'uta satini nyeupe, akamwita mwanawe Flavia aje kujaribu gauni lake la Komunyo ya Kwanza. Bi Batuli, mwenye nyumba, alikuwa kibarazani akipika vitumbua na kutoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba. Flavia akaingiza mikono, akageuka, akafungwa zipu. Gauni lilimkaa sawasawa. Bega lilipata bega, kiuno kilipata kiuno, na pindo likaishia pale pale ambapo shangazi yeyote angetaka liishie.

"Limempenda," alisema Bi Batuli. Vitumbua vikaanza kuungua.

Esperansi akakaa chini.

Inafaa kueleza kwa nini gauni linalomkaa mtoto lilimkalisha mama yake sakafuni. Mzazi wa Tabora akipeleka mtoto kwa fundi huagiza nguo ya kukulia: komunyo aivae, kipaimara aivae tena, kisha amrithishe mdogo wake. Mafundi wengine huacha pindo nene na kumwachia Mungu. Esperansi hakuhitaji. Nguo zake, tangu ya kwanza, zilitoka kwa ukubwa wa mwili ambao mvaaji angekuja kuishia nao, zipimwe zisipimwe. Mwalimu Nestory, enzi hizo mwembamba kama fimbo yake, aliagiza suti ikatoka pana kama turubai. Aligomba mtaa mzima ukasikia, akagombea udiwani, akaupata, akaijaza suti. Kanzu ya mzee mmoja muuza asali ilitoka nyembamba. Akaicheka, kisha ugonjwa wa sukari ukamkausha taratibu mpaka kanzu ikampata. Watu wa Ng'ambo hawakuliona hilo kuwa la ajabu. Mji uliopokea misafara ya pembe za ndovu, kila mgeni na mzigo wake na jini lake, haushangai ovyo. Walichosema ni kwamba kwa mtu mzima nguo ikikaa haina habari; kwa mtoto ndiyo yenye habari. Na kwa kuwa nguo za watoto zilitoka kubwa siku zote, wazazi walifurahi, na kocha wa timu ya vijana alileta makipa wake washonewe bukta kabla hajawasajili.

Gauni la Flavia halikuacha nafasi ya kupenyeza hata kidole.

Ufundi huo Esperansi hakufundishwa na mtu. Alizaliwa Ulyankulu, kwa wazazi waliokimbia vita vya Burundi, akajifunza kushona kwa kufumua makoti ya mitumba na kuyarudishia. Makoti mawili ya kwanza yalirudi na mikono mitatu kwa jumla. Alicheza ngoma kwenye magulio mpaka Puge, akauza karanga stesheni, akatangaza sabuni juu ya gari la spika. Aliwahi kufanya onyesho la mavazi ya magunia ya tumbaku. Watazamaji walipiga chafya tangu mwanzo hadi mwisho na bado wakapiga makofi. Mumewe Justini alikwenda Usinge kulima tumbaku hiyo hiyo, na inaelekea aliioa. Mwishowe Esperansi akawa mshereheshaji, na ikawa hakuna harusi iliyotia fora mjini bila yeye kushona sare na kushika kipaza sauti. Kichekesho chake kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha mama anayelia machozi ya kweli akiomba mchango wa kumtibu kuku wake. Watu walikuwa wanaanguka na viti vyao.

Flavia alikuwa na tundu kwenye moyo. Akikimbia kidogo, midomo inageuka rangi ya zambarau zilizoiva. Daktari alikwishasema kwamba tundu linazibika, ila Dar es Salaam, na lisicheleweshwe. Mama yake alikuwa akiiwekea safari hiyo akiba kidogo kidogo, akidhani muda upo. Sasa gauni limesema.

Alilifumua. Akakata upya, mapana ya kumtosha bibi harusi wa Kisukuma, likatoka lile lile. Akaongeza vipande ubavuni. Vilionekana vikiingia chini ya sindano, havikuonekana vikitoka. Akakata huku amefumba macho. Akakata akiimba zaburi. Hatimaye Bi Batuli alinyanyua satini iliyobaki bila kuaga, akaipeleka kwa fundi Adinani, na gauni la Adinani likatoka kubwa, limepinda begani, zuri kabisa.

"Haya, si hili hapa! Avae hili, mambo yaishe."

"Litamsitiri, Bi mkubwa," Esperansi alisema. "Halitamkuza."

Akajifunga kanga, akaenda kwa Mzee Mabruki, mwenyekiti wa kamati zote za shughuli pale Ng'ambo, mtu mwema ambaye angeweza kulichangisha jiwe likatoa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Espe. Harusi ya nani?"

"Si harusi. Ni Flavia. Naomba uniitie watu wanichangie matibabu."

Mabruki akavua kofia, akakuna kichwa. "La gauni nimelisikia. Pole sana. Lakini mwanangu, ugonjwa watu watauchangia vipi? Sare hauna. Ukumbi hauna. Mtu akitoa chake, apigie picha wapi? Ale nini?"

"Mtoto atapona."

"Ndiyo, lakini ndilo hilo tu," Mabruki alisema kwa huruma. "Wewe fanya sherehe ya komunyo. Sherehe wataichangia, nawajua mimi."

Kweli walichangia. Mchele ulikuja, mbuzi wakaja, yakaja maturubai, viti vilivyovalishwa vitambaa, keki yenye umbo la kanisa, na spika zilizotikisa mabati ya mtaa wa pili. Kila kitu kililetwa kama kilivyo, fedha taslimu hakuna, na mtoto hapelekwi Dar kwa keki. Flavia alikaa mbele na gauni lake, akapendeza mpaka watu wakasahau kwamba lina habari. Walipokwisha kula, Esperansi akashika kipaza sauti. Siku hiyo hakutania. Alisema mwanangu anakufa, tundu linazibika, naombeni mnisaidie. Alisema huku machozi yanamtoka.

Turubai zima likaangua kicheko.

"Safari hii kuku kavalishwa gauni!" alipaza sauti mtu wa meza za nyuma.

"Jamani, siigizi!" alilia Esperansi, na hapo watu ndipo waliposhika mbavu. Akapiga magoti, vigelegele vikazidi. Alipoomba tena, sauti ikiwa imekatika kabisa, Diwani Nestory alisimama ndani ya suti yake, akafuta machozi ya kucheka, akamwambia jirani yake kwamba mwanamke huyu angekuwa Dar wangemgombania. Waliorekodi wakarushiana kwenye simu. Wakati wa kuaga wengi walimshika mkono wakamwambia hajawahi kufanya vizuri namna ile. Aliwajibu wote ahsante.

Wiki iliyofuata Mzee Mabruki alikuja na wajumbe na robota la kitenge cheusi chenye maua ya zambarau. Wakakaribishwa, wakanywa chai, wakaulizia afya ya mtoto. Kisha mzee akakohoa.

"Espe, usituelewe vibaya. Hatumwombei mabaya. Lakini gauni kila mtu kaliona. Na wewe tunakujua, sare za harusi ya juzi ulizileta maharusi wakiwa tayari kwenye keki. Msiba hausubiri fundi. Tukaona tujipange mapema."

"Mmechanga?"

"Watu wametoa, mwanangu! Sijapata kuona. Basi la kwenda kuzika Ulyankulu, maturubai, chakula, mtu wa video. Na msemaji ni wewe. Nani mwingine anamjua marehemu kama wewe?"

"Marehemu yuko hapo mlangoni anamenya karanga," alisema Bi Batuli.

"Astaghafirullah. Mtoto, nilitaka kusema mtoto."

Esperansi akauliza taratibu, "Hizo mlizochanga, zingetosha Dar?"

Mabruki alikuwa mtu mkweli. "Zingetosha. Na zingebaki."

"Basi nipeni."

Wajumbe wakatazamana. Aliyejibu ni mweka hazina, Mama Imakulata, mwanamke wa sala ambaye hajawahi kula cha mtu. "Za msiba haziguswi, dada. Watu wametoa kwa nia. Tukizipeleka kwingine, halafu msiba ukatokea, tutawatazama kwa macho gani?"

"Mkinipa, msiba hautatokea."

"Na gauni je?"

Bi Batuli akaanza kukusanya vikombe vya chai. Esperansi akalishika lile robota, akaliweka magotini. Kisha akasema atashona, kwa sharti moja: kila mtu aje peke yake kupimwa, na atakayeshika tepu ni Flavia. Aliamini kwamba hakuna binadamu atakayezungushiwa tepu shingoni na mtoto yule, mwenye midomo ile, akarudi kwake mikono imekunjwa juu ya zile fedha.

Walikuja, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Huyu alileta biskuti, yule mwanasesere, mwingine sega la asali lililofungwa kwenye jani. Diwani alileta viatu vyenye kung'aa. Waliinama ili Flavia awafikie, wakamsifu kwa kupima vizuri, na wengine waligeukia ukutani wakajifuta macho. Walipomaliza kujifuta waliomba nguo isibane, maana msibani watu hukaa chini sana. Flavia hakuwahi kupata marafiki wengi kiasi kile. Alikuwa anawasubiri mlangoni.

Siku ya kuchukua sare, zote zilikuwa tayari, na safari hii hakuchelewesha hata moja. Ya Mzee Mabruki ilimpwaya tumboni. Akamshukuru Mungu kwa unene anaomwekea, wenzake wakamtania. Mama Imakulata akajigeuza mbele ya kioo. Flavia aliwatazama wote walivyofanana, akatazama na kitenge kilichobaki mezani.

"Mama, mbona kimebaki? Na mimi nishonee kama ya kwao."

Esperansi hakuinua uso kwenye cherehani. Mzee Mabruki ndiye aliyechuchumaa, akamshika mtoto bega kwa upole.

"Wewe, mjukuu wangu, la kwako unalo tayari."

Flavia akafikiri kidogo, akaona ni haki. Mama Imakulata akakikunja kitambaa kilichobaki, akasema kiwekwe vizuri, kitawafaa wageni watakaotoka mbali.