Nani Asiyelijua Gati Lake

Asubuhi ile niliposimama kwenye gati langu mwenyewe, nikaona moyo umechongwa kwenye ubao, na ndani ya moyo jina la Vonceil, jambo la kwanza nililofanya ni kulikanyaga nikalifunika kwa kiatu.

Binti yangu Arlette alikuwa anakuja nyuma yangu na vikombe viwili vya kahawa.

"Baba, mbona umetanguliza mguu mmoja kama korongo?"

"Nanyoosha msuli."

"Toa mguu."

"Msuli bado."

"Baba!"

Nikatoa mguu. Arlette akainama, akasoma, akainuka polepole.

"Vonceil ni nani?"

Mke wangu, Mungu amrehemu, aliitwa Inez. Kabla ya Inez sikuwa na mtu, na baada yake sina. Maishani mwangu sijawahi kumjua mwanamke yeyote aitwaye Vonceil. Lakini moyo ulikuwa pale, mbao zimepauka kwa jua la miaka, na aliyeuchonga alikuwa na mapenzi mengi na kisu butu. Nikaanza kujiuliza: mtu anaweza kumpenda mwenzake kiasi hicho halafu akamsahau kabisa?

"Simjui," nikasema.

Arlette akanitazama kwa yale macho. Nami nilijua maana ya yale macho. Alikuwa ameshaniandalia chumba kwake Huntsville, juu kule kaskazini ambako maji pekee ni ya bomba, na alikuwa amenipa onyo: akiniona nimechanganyikiwa mara moja tu tena, tunafunga nyumba, tunaondoka. Ndiyo, nilishawahi kuweka birika ndani ya friji. Lakini lilikuwa joto siku ile, na birika nalo lina haki zake.

Mlaumu Rosalba. Hicho kimbunga kilitupiga mwezi Juni, nami nimeona vimbunga, lakini Rosalba kilivuma mpaka kikang'oa harufu kwenye meza yangu ya kuparia samaki, na harufu yenyewe haijarudi hadi leo. Hata hivyo, ungepita upande huu wa ghuba ya Mobile baada ya Rosalba, ungekuta nguzo zetu zote zimesimama. Hiyo ni kazi ya marehemu Rufus Bosarge, aliyejenga magati yote ya mtaa wetu. Watu wa ng'ambo walijenga magati magumu, misumari kila shubiri, bahari ikaja ikayainua mazima mazima pamoja na nguzo ikaondoka nayo. Bosarge alizichimbia nguzo chini sana mpaka zikakutana na udongo mkavu, akazifunga kwa bolti nene, lakini sakafu akaikata vipande vipande, kila kimoja ukubwa wa mlango wa chumbani. Sisi tunaviita milango. Vimeshikwa kwa vibanio tu. Kimbunga kikitangazwa tunavibandua, tunavipeleka kwenye ukumbi wa kanisa kule mlimani, na bahari inapita katikati ya nguzo bila kupata cha kushika. Gati la Bosarge linaishinda tufani kwa kukubali kuvuliwa nguo.

Tatizo ni kwamba Bosarge alikuwa na kipimo kimoja tu. Mlango wa gati langu unaingia kwenye gati la Hollis Ladnier, na wa Hollis unaingia kwa jirani yake, hivyo hivyo mpaka kwenye kona. Na huko ukumbini hakuna aliyeandika jina. Aandike ya nini? Nani asiyelijua gati lake? Paa la ukumbi lilipopasuka na mabunda yote ya milango yakaanguka yakalaliana, tulikuja siku ya kuchukua, kila mwanaume akasimama mbele ya ile chungu, akashika kiuno, akatikisa kichwa kama mtu anayewatambua watoto wake, akasema, "Haya ni yangu, na haya." Nami nilisema hivyo hivyo. Nilisema kwa sauti kuliko wote.

Hapo ungesema jibu liko wazi. Kwa sasa liko wazi. Lakini wewe hukuwa na Arlette nyumba moja.

Maana kulikuwa na jambo la ule ubao wa Inez. Karibu na mwisho wa gati, mkono wa kulia, kulikuwa na ubao uliolegea. Inez alinikataza kuutengeneza. Alisema ukilia anajua anayekuja ni mgeni. Nyumba nzima tuliuruka. Sasa nikawa nauruka, natua, na hakuna kitu. Ubao mzima kabisa, umekaa kimya kama askofu.

"Unaruka nini, Baba?"

"Ubao wa mama yako."

Arlette akaukanyaga, akarukaruka juu yake. "Mbona mzima? Si utakuwa uliutengeneza?"

"Sikuutengeneza."

"Au uliutengeneza ukasahau."

Ukiambiwa umesahau jambo, utajiteteaje? Useme unakumbuka kutokulifanya? Usiku nililala nikijiona katika akili nikiwa na nyundo, nikigonga ule ubao, na pembeni yangu amekaa Vonceil, ananishikia misumari.

Nikaenda kwa Hollis. Nikamkuta amesimama gatini kwake juu ya zulia la sebuleni.

"Jirani, zulia la nini gatini?"

"Earline anataka miguu yake ikanyage laini."

"Mkeo yuko wapi?"

"Ndani."

"Na zulia liko nje."

"Cleon, umekuja kuhesabu mazulia?"

Kisha nikamuuliza kama naulizia hali ya hewa, "Hollis, gati lako... ni lako?"

Akageuka upesi mno. "La nani tena? Kwani lako si lako?"

"Langu ni langu."

"Basi."

"Basi."

Wala hakutoka juu ya lile zulia mpaka nilipoondoka. Nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda, na nikamkuta Arlette amefungua sanduku langu kitandani, anakunja mashati.

"Kesho, Baba," akasema kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha. "Tunakunywa kahawa, tunaondoka."

Alfajiri nikatoka peke yangu kwenda kuyaaga maji. Upepo ulikuwa wa mashariki, laini, bahari imelala kama mafuta. Kwa wasiokaa kwetu: asubuhi za namna hiyo, wakati wa joto, mara nyingine samaki na kaa hukosa pumzi huko kilindini wakaja ufukweni wenyewe, wakajilaza kwenye maji ya magotini kama wamealikwa. Tunaita jubilii. Anayeiona wa kwanza hupiga kengele ya gati lake na kupaza sauti, na mtaa wote hutoka mbio na mabeseni, nguo za kulalia na yote. Hakuna anayeuliza, wala anayetazama anapokanyaga. Miguu inajua.

Nikaona kitu kinameremeta ukingoni. Au sikuona. Ila nilifikiri: miguu inajua. Nikaishika ile kamba nikapiga kengele mpaka mkono ukafa ganzi.

"Jubilii! Jubilii!"

Taa zikawaka mtaa mzima. Milango ya nyumba ikabamizwa. Nikawasikia wakishuka magatini kwao, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Gati la tatu, mtu aliinama ghafla kukwepa kitu ambacho hakikuwepo. Kwenye kona, mama mmoja alikimbilia ngazi ya kushoto, na ngazi ilikuwa imehamia kulia. Nikasikia beseni, kisha nikamsikia yeye. Na Hollis, aliyekuwa anakuja kwa kasi ya kijana, akalikanyaga zulia, zulia likateleza, na ubao uliokuwa chini yake ukalia ule mlio, lii-kwaa, mguu wake ukazama mpaka kwenye goti.

"Ubao wa shetani huu umetoka wapi?" akapiga kelele. "Earline! Nilikuambia hili gati si letu!"

"Uliniambia mimi ndiye ninayezeeka!" Earline akajibu kutoka juu, kofia ya kulalia imemwangukia usoni.

Nikageuka. Arlette alikuwa anakuja mbio gatini kwetu na beseni, nywele zimesimama. Alipofika karibu na mwisho, mkono wa kulia, akaruka. Safi kabisa, kama alivyokuwa akiruka alipokuwa mtoto. Akatua kwenye ubao mzima, akasimama akiitazama miguu yake kana kwamba imemsema vibaya mbele za watu.

Kwa Hollis ule ubao ukalia tena. Arlette akainua kichwa.

"Huyo ni Mama," akasema.

Tukaenda. Zulia lilikuwa limejikunja pembeni, na kwenye mlango wa gati, karibu na mguu wa Hollis, kulikuwa na doa la rangi nyekundu aliyoimwaga Inez zamani akipaka viti. Arlette akapiga magoti akaishika rangi kwa kiganja. Hollis akaomba, kama kuna mwenye nafasi, atolewe mguu.

Siku hiyo mtaa ulikiri. Kila mmoja alikuwa amejiona kichaa peke yake. Tukabadilishana milango hadi jioni kwa ugomvi mwingi, na ule wa Inez ukarudi kwangu. Mmoja tu ulikosa mwenyewe, ule wa Vonceil. Tuliposoma jina wanaume wote walitazama maji, na wake zao wakawatazama wao. Nikasema ni wangu. Mimi ni mjane, sina wa kunifukuza.

Arlette akayarudisha mashati kabatini mwenyewe, akaondoka kwenda Huntsville na samaki bapa sandukuni mwangu, wamelala juu ya barafu. Ndiyo, samaki walikuwepo. Walijaa ufukweni asubuhi ile mpaka kaa walikuwa wanapanga foleni. Kama niliwaona kabla ya kupiga kengele au walikuja kwa kuisikia, siwezi kusema, na Arlette ameniuliza mara nyingi kwa simu.

Jioni huketi kando ya ule moyo na kahawa yangu, nikijaribu kumkumbuka Vonceil. Jana nilikaribia sana.