Sekunde Thelathini za Hirut

Natnael alikuwa akiifunika skrini yake kila nilipopita, na mimi Hirut siyo mtu wa kufanyiwa hivyo mara mbili nikanyamaza.

Tangu Jumatatu, siku aliyopewa kazi ya kuingiza mafaili ya zamani ya wagonjwa, programu ya zahanati ilikataa kubaki hai. Tunaiwasha, inaanza kupakia mafaili, inauawa. Tunaiwasha tena, inauawa. Na kumbukumbu za mtambo hazikusema imekufa. Zilisema imeuawa! Sasa muuaji nani, kama si huyu mgeni wa miezi mitatu anayenong'ona na simu kwenye ngazi?

Leo Ijumaa muda wake wa majaribio ulikuwa unaisha: apewe mkataba au aondoke. Asubuhi nikamwandikia bosi, Ato Wubishet: "Huyu kijana anatuhujumu." Nikatuma, nikaendelea kutafuna kolo yangu, shayiri ya kukaanga, roho kwatu.

Saa nane buna ikaletwa. Nikamvaa.

"We Natnael, unaficha nini hapo?"

"Dada Hirut, kunywa kahawa kwanza."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa! Geuza hiyo skrini."

Akaigeuza, polepole. Yalikuwa maagizo ya mlinzi, ile programu ndogo inayoiuliza kubwa, "Uko hai?" Isipojibu ndani ya sekunde thelathini, mlinzi anaiua na kuiwasha upya. Mafaili yalipoongezeka, kuamka kulichukua dakika mbili. Maskini, ilikuwa ikiuawa ingali inaamka. Na pembeni ya ule mstari wa sekunde thelathini, jina la aliyeuandika mwaka jana: Hirut.

"Nimeongeza mlinzi wa mwanzo," akasema kwa sauti ya chini. "Anaingoja hata dakika tano. Ikishaamka ndipo huyu wako aanze kuuliza. Tazama, iko hai tangu saa saba."

"Na zile simu za kwenye ngazi?"

"Rafiki yangu alikuwa ananielekeza. Ningempigia hapa, ofisi nzima ingejua ni kosa la nani. Sikutaka uaibike, dada."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Simu yangu ikaita. "Nimesoma ujumbe wako," Ato Wubishet akasema. "Mwambie aje akirudishe kitambulisho chake." Akakata.

"Bosi huyo? Ananiita?" Natnael alikuwa tayari anainyoosha kola ya shati lake. "Mkataba, eti?"

"Kaa," nikamwambia. "Maliza buna yako."

Nikavua kitambulisho changu shingoni, nikaenda mimi.