Hadithi ya Dirisha la Kaburi

Ile hadithi ya dirisha niliitunga mimi, na sikuitunga kwa ubaya. Ilikuwa siku ya mvua, miaka kumi na moja iliyopita, nina wageni sita waliolowa mpaka soksi. Tulikuwa tumemaliza msikiti mkuu na kanisa la mawe, tukafika kwenye kaburi la mcha Mungu wa zamani, chumba kidogo chenye dirisha la nondo. Historia yake haijazi kiganja: aliishi, alisali, akafa, haijulikani lini. Mama mmoja akapiga miayo. Mtembeza wageni huvumilia jua, malalamiko na viatu vibovu, lakini miayo hapana. Nikaona uzi umenasa kwenye nondo, labda wa shati la mtu, na mdomo ukafunguka wenyewe: "Wanasema mama mwenye mtoto mgonjwa akifunga hapa kipande cha nguo ya mwanawe, mtoto hupona."

Miayo ikaisha. Mama yule alichana leso yake akafunga, huku analia.

Sisi watembeza wageni tuna kinga yetu: ukianza na "wanasema," hujadanganya. Wenzangu waliidaka hadithi, wakaitia chumvi, wakamwongeza binti wa mfalme. Baada ya miaka mitatu mtunza kaburi alikuwa anazoa vitambaa kwa ndoo na kuninung'unikia. Baadaye wakaanza kuja wenyeji wenyewe, bila mwavuli wa kuwaongoza. Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tulivyofundishwa. Yangu ilikuwa ndefu, na watu waliipiga picha.

Mdogo wangu wa kike ni fundi cherehani kwenye soko la vitambaa, ambako mimi huwapeleka wageni baada ya soko la viungo. Nikipita nao alikuwa ananitania kwa sauti: "Huyo msimfuate, utotoni alikuwa anapotea akienda chooni!" Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka saba, aliyezaliwa na tundu kwenye moyo. Alikuwa akiruka kamba mara nne tu, anakaa chini, midomo imebadilika rangi, anasema kwa adabu zake, "Mjomba, nisubiri kidogo nipumzike." Nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Madaktari wa kupasua moyo walikuwa wanakuja mjini kila baada ya miezi miwili. Safari hiyo mtoto alipata nafasi: Jumatatu, saa nne asubuhi, asile kitu. Wiki moja kabla, mama yake alinishika mkono pale kwenye cherehani.

"Kaka, lile dirisha ni kweli?"

Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. Nilimwonea huruma.

"Wanasema," nikamjibu.

Nilidhani nampa kitu cha kushika mpaka Jumatatu ifike. Kumbe nilimpa njia ya kuikwepa.

Jumatatu nilikuwa na wageni wanane. Nilipanga kuwakimbiza, kisha niende hospitali. Saa nne unusu tukafika kaburini. Nilikuwa natembea kinyumenyume kama tunavyofanya, mwavuli juu, nahesabu vichwa, nimeshaanza "wanasema," nikaona wageni hawanitazami mimi. Wanatazama nyuma yangu, wanatabasamu, simu zimeinuliwa. Nikageuka.

Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti chini ya dirisha, anafunga ukanda wa gauni la njano la binti yake. Mtoto amesimama pembeni, anakula mkate.

"Unafanya nini hapa? Saa nne imepita!"

"Punguza sauti, kaka. Watu wanaomba hapa."

"Mtoto anapasuliwa leo!"

"Hapasuliwi. Daktari mwenyewe kasema wako wanaobaki mezani. Hapa nani amebaki? Mke wa mwoka mikate alifunga, mwanawe si mzima?"

"Ile ilikuwa homa! Nisikilize. Hadithi nimeitunga mimi. Mvua ilikuwa inanyesha, watu wanapiga miayo, nikasema tu!"

Alinitazama kama ninayemnyang'anya kitu mkononi. Na kweli nilimnyang'anya. Nilishika ukanda, nikaanza kuufungua.

"Mjomba, usiutoe," mtoto akasema. "Mama amefunga mafundo saba, kila mwaka wangu na fundo lake."

Niliuvuta mpaka ukakatika. Mgeni mmoja akapiga makofi, akidhani ni maigizo yaliyomo kwenye matembezi. Nikamtukana, nikambeba mtoto, nikawaacha wote wanane pale na mwavuli wao.

Hospitali, nesi aliuliza neno moja tu: "Amekula?" Mtoto akamwonyesha kipande kilichobaki. Nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa na mtoto mwingine, naye alikuwa tayari yumo chumba cha upasuaji. Tukapewa tarehe ya safari iliyofuata. Niliiandika ukutani kwangu, ukutani kwa mdogo wangu, na kwenye kiganja cha mtoto, akacheka kwa kutekenywa. Siku ya thelathini na nane alikaa chini kupumzika kidogo, hakuinuka tena.

Tulimzika. Ndugu walikuja, wakala, wakaondoka. Mimi nilikuwa nangoja matusi. Niliyataka, niliyahitaji kama mgonjwa anavyohitaji dawa chungu. Hayakuja. Mwisho nikayafuata mwenyewe sokoni. Alikuwa amekaa mbele ya cherehani, mguu juu ya kanyagio, hashoni.

Nilipiga magoti kwenye vipande vya nguo, wateja wakitutazama.

"Mdomo wangu ndio uliomuua mwanao. Nipige, mdogo wangu. Nitukane."

Aliniwekea mkono kichwani. Alikuwa mpole, na upole ule ulinimaliza.

"Mdomo wako haukukosa, kaka. Hadithi yako ni nzuri, inasaidia watu." Aliokota kipande cha nguo karibu na goti langu, akakikunja. "Mafundo niliyakaza vizuri. Asubuhi ile alitembea kutoka nyumbani mpaka kaburini bila kupumzika hata mara moja, ungemuuliza angekwambia. Alikuwa ameshaanza kupona. Kwa nini uliukata ule ukanda?"